Kengele ya Kipande cha Reli

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kalemie pamoja nami mtakumbuka, hakuna mtoto aliyehitaji saa. Sireni ya kiwanda cha nguo ililia alfajiri na mji mzima ukaamka kwa pamoja. Baba zetu wa reli walitafuta viatu chini ya kitanda, mama zetu walipuliza makaa, na sisi tuligombania kata ya maji ya kunawia uso. Mlango ukifunguliwa, harufu ya kwanza kuingia ilikuwa ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani. Ilikaa kwenye nywele, kwenye sare ya shule, hata kwenye kurasa za daftari. Siku hizi vijana wakipita sokoni wanakunja pua na kujipulizia manukato. Sisi harufu ile tulikwenda nayo mpaka kanisani, na hakuna aliyegeuka.

Tuliruka kamba mpaka vumbi likafika magotini. Tulicheza mpira wa makaratasi yaliyofungwa kwa uzi, na siku za joto tuliponyoka kwenda kuogelea pale Lukuga inapotoka ziwani. Mama alijua, kwa sababu tulirudi na macho mekundu. Alikuwa akisema, "Muende tu! Mamba akiwakula, musikuje kulia hapa kwangu!" Tukitoka hapo tulikula bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, vidole vitano vya kila mtoto katika sahani moja, na aliyechelewa alilamba ukingo wa sahani.

Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa, nyumbani tulisema Kiswahili, na bibi zetu walitukemea kwa Kitabwa au Kiluba. Hakuna aliyetuambia kwamba hizo ni lugha nyingi. Tulidhani kila mtoto duniani anaamka na mdomo mmoja na kulala na mwingine. Kisha tukafika madarasa ya juu, akaja Mwalimu Kalunga na Kiingereza chake, na hapo ndipo ulipozaliwa wivu ninaotaka kuwaeleza. Umezeeka pamoja nami wivu huu.

Mwalimu Kalunga alitoka Kongolo, alikosomeshwa na mapadri. Alikuwa na tai moja tu, na suruali yenye mkunjo mkali kuliko rula. Hakupiga mtoto, hakutukana, na ukimwuliza swali la kijinga alilijibu kama vile amelingojea. Mimi mwenyewe leo ni mwalimu, na kila ninapomweleza mtoto jambo kwa mara ya pili bila kukunja uso, najua nimeiga kwake. Kila Jumamosi baada ya saa tisa, tulipokwisha kufua na kuteka maji, alitukusanya katika darasa la mwisho karibu na ziwa kwa ajili ya klabu ya Kiingereza. Huko kulikuwa na kanuni moja na kengele moja.

Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli. Baba yangu alikuwa fundi katika karakana ya reli. Ndiye aliyekikata, akakitoboa na kukileta begani. Mwalimu alikitundika kwa waya ukutani, juu ya dirisha, na pembeni akaweka bolti kubwa ya kukigongea. Kanuni ilikuwa hivi: unasimama mbele, unazungumza Kiingereza juu ya jambo lolote, na ukikosea sarufi, hata kidogo, kengele inalia. Unanyamaza pale pale, hata kama ulikuwa katikati ya neno. Unakaa, unaeleza kosa lako, mwingine anasimama. Mwalimu alitufariji akisema, "Kengele haina hasira. Kengele inawafundisha tu kufikiri kwanza."

Nasi tulifikiri. Tulifikiri sana! Mimi, Feza, binti wa fundi wa reli, niligundua mapema siri ya kusimama muda mrefu: usiseme jambo ambalo huna hakika nalo. Nikisimama nilisema kwamba ziwa ni kubwa. Nikasema baba yangu ni fundi. Nikasema leo kuna jua, na jua linapendeza. Nani atampigia kengele mtu anayesema ziwa ni kubwa? Niliwashinda wote. Sikuwahi kupigiwa kengele, na wenzangu waliniita Bibi Sarufi. Baba akiwa na wageni alinisimamisha sebuleni niseme habari za ziwa na jua, na wageni wasiojua neno hata moja walipiga makofi.

Kuna tabia moja tuliyoipata sote katika klabu ile bila kujua. Tulipomaliza sentensi, macho yetu yalikwenda ukutani. Tunasema, tunaangalia kengele. Tunasema tena, tunaangalia. Hata nje ya darasa, mtu akikusalimu kwa Kiingereza, shingo ilijigeuza yenyewe kutafuta ukuta.

Shingo iliyokataa kugeuka ilikuwa ya Zaina peke yake.

Zaina nilikaa naye dawati moja. Wao ni wa zile koo za Waislamu ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwa kutoka upande wa Ujiji, wakaoa, wakabaki. Mama yake aliuza chai ya tangawizi na mandazi kwenye lango la bandari. Mabaharia wa Kigoma walikunywa chai yake, na wale wa Mpulungu pia, upande wa Zambia, ambao wanazungumza Kiingereza. Zaina aliwapelekea vikombe kila jioni, na kila kikombe kilirudi na neno. Alijua kutania kwa Kiingereza, kukataa, kubembeleza, kudai kikombe kisiondoke na boti. Hapa chini nitayaandika maneno ya Kiingereza kwa Kiswahili ili tuelewane sote, na pale Kiingereza kilipovunjika, nitakivunja Kiswahili vile vile.

Kiingereza cha Zaina kilikuwa kimevunjika chote. Hakikuwa na jana wala kesho. "Mimi kwenda" ilimtosha kwa safari zote, zilizopita na zijazo. Akisimama mbele ya klabu alianza, "Baharia moja mnene yeye anguka katika maji na mandazi ya mama..." na hapo kengele ililia. Alikaa akicheka. Hatukujua baharia yule alitokaje majini wala mandazi yaliishia wapi, mpaka tulipotoka nje na kumzunguka atumalizie. Hata mimi nilisimama pale kusikiliza. Mbele ya kengele nilikuwa mshindi, lakini nje ya mlango watu walimzunguka yeye. Hakuna aliyewahi kunifuata uwanjani aniulize, "Feza, na lile ziwa, lilikuwa kubwa namna gani?"

Nilimwonea wivu, ndugu zangu. Nilionea wivu kile kicheko alichokaa nacho.

Kisha Mwalimu akakutana na kapiteni. Huyu alikuwa mtu wa Mpulungu, mpana wa mabega, mwenye kofia nyeupe iliyogeuka rangi ya chai. Boti yake ilileta sukari na kurudi na mawese. Alikuwa na mabinti wa umri wetu nyumbani kwake. Siku moja bandarini, kapiteni alimwambia Mwalimu kwamba likizo ikifika angeweza kumchukua mtoto mmoja wa klabu mpaka Mpulungu. Mtoto huyo angekaa na mke wake na mabinti zake, asikie Kiingereza kinavyosemwa jikoni, na kurudi na boti ile ile. Mwalimu aliporudi na habari hiyo, hakuna aliyeuliza mtoto gani. Wote waligeuka wakaniangalia.

Sijui niwaelezeje namna nilivyoitaka safari ile. Tulikuwa watoto wa ziwa, lakini ziwa lenyewe tulilijua ukingo tu. Kila jioni niliona boti zinakwenda kusini na kuwa nukta, na sikujua nukta zile zinafika wapi. Mama alinishonea gauni la kitenge lenye mifuko. Baba alikwenda mwenyewe kwa Papa Prefe, mkuu wa shule, akakubaliwa. Bibi alininong'oneza nimletee sukari ya Mpulungu, kwa kuwa aliamini ni tamu kuliko ya kwetu ingawa ilikuwa ile ile iliyouzwa sokoni.

Lilibaki jambo moja. Kapiteni alikuwa na desturi yake, nayo alimweleza Mwalimu waziwazi: hamchukui mtoto majini kwa mdomo wa mtu mwingine. Baba akubali, mwalimu akubali, lakini mtoto lazima aulizwe na ajibu mwenyewe. Mtoto aliyelazimishwa, alisema, hulia tangu nchi kavu inapopotea, na usiku ziwani huwezi kumrudisha. Kwa hiyo angekuja klabuni Jumamosi na kuniuliza.

Nikaandaa sentensi. Niliitengeneza wiki nzima, nikisonga bukari, nikiteka maji, nikiwa kitandani. Ilikuwa ndefu na nzuri. Ilisema: "Ningefurahi sana, kapiteni, iwapo ungekubali kunichukua pamoja nawe, kwa kuwa tangu nizaliwe sijapata kuuona upande wa pili wa ziwa hili." Mwalimu aliipitia, akaivulia miwani. "Haina kosa hata moja," akasema. Nilijua pia swali atakaloniuliza, maana lilikuwa katika kitabu chetu: je, ungependa kusafiri pamoja nami?

Jumamosi ilifika. Kapiteni alikalishwa kwenye kiti cha Mwalimu, kofia gotini. Wenzangu walisimama mmoja mmoja kumsalimu. Walisema sentensi fupi na kuangalia ukutani, sentensi nyingine na ukutani. Baada ya watatu hivi, kapiteni naye alianza kuangalia ukutani. Aliangalia juu ya dirisha, akaangalia chini ya dirisha, akageuka kabisa kitini aone kuna nini pale. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuona kinachochekesha.

Kisha akaniita. Nikasimama na gauni langu la mifuko. Aliniangalia kwa upole, akatabasamu, na akaniuliza kwa Kiingereza, kwa neno moja tu.

"Twende?"

Twende! Hilo halikuwa katika kitabu. Sentensi yangu ilitengenezwa kwa mlango mwingine, na sasa haikuingia. Kichwani nilianza kuitengeneza upya: ning'oe mwanzo, nigeuze kitenzi, nibakize upande wa pili wa ziwa. Niliangalia kengele. Kapiteni naye akaiangalia. Akaniuliza tena, polepole zaidi: "Mtoto wangu. Twende, ama hapana?"

Nilikuwa nimefika mbali. Nawaambieni, nilibakiza maneno mawili ya mwisho. Hapo Zaina, nyuma yangu, alishindwa kuvumilia.

"Feza, weye sema tu!" akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Unaogopaka nini?" Alipoona sisemi, alisimama akamwambia kapiteni kwa Kiingereza chake: "Huyu yeye taka! Yeye taka sana, yeye ogopa makosa tu. Mimi ogopa hapana. Mimi taka, hata leo!"

Makosa yalikuwa mengi mno. Mkono wa Mwalimu ulikwenda wenyewe kwenye bolti, kwa mazoea tu, na kengele ikalia.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu jambo lote liko hapa. Kwetu sisi kengele ilisema: kosa, kaa chini. Lakini yule alikuwa mtu wa boti. Kwake yeye, tangu ujana wake, kengele ilisema jambo moja tu: kamba zifunguliwe, tunaondoka. Zaina alikaa, kama kanuni ilivyotaka. Kapiteni alisimama, akavaa kofia, akamnyooshea Zaina kidole. "Haya, wewe mwenye mdomo," akasema akicheka, "njoo na mama yako bandarini." Akatuaga, akatoka.

Mwalimu alimkimbilia mpaka uwanjani, tai ikipepea begani. Tulimwona kupitia dirisha akieleza kwa mikono miwili. Kapiteni alisikiliza, akatikisa kichwa. Mwalimu aliporudi alinieleza kwa upole wake wote, na upole ule uliniumiza kuliko kelele. Kapiteni alisema aliniuliza mara mbili. Mtoto asiyesema ndiyo hamweki majini.

Wakati huo sentensi yangu ilikuwa imekamilika. Ninayo mpaka leo. Haina kosa hata moja.

Siku boti ilipoondoka, sikutaka kwenda bandarini, lakini mama alinishika mkono tukaenda. Zaina alivaa kanga ya mama yake na ndala mpya, akapiga kelele kutoka juu, "Feza! Nitakuletea!" Hakuwa na ubaya wowote. Alinisemea kwanza mimi, kisha akajisemea yeye, wote mlisikia. Ndiyo maana sikuweza hata kumchukia, na wivu usioweza kuchukia hauna pa kutokea. Ulinikaa kifuani nikiangalia boti ikiwa nukta. Njiani mama aliniambia, "Sasa unalia. Machozi yako hayana sarufi, lakini kila mutu anayaelewa." Nilikasirika. Leo nikikumbuka ninacheka.

Zaina alirudi na Kiingereza kilichovunjika zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Alileta sukari kwa bibi yangu, kwa kuwa alimsikia akiitaka. Alituletea hadithi za mabinti wa kapiteni, za samaki aliyekaangwa kwa namna nyingine, za dhoruba iliyowafanya wote waimbe. Kengele ililia katikati ya kila hadithi, naye alitumalizia uwanjani. Miaka ilipopita aliolewa huko huko Mpulungu. Anauza vitenge na ndagala, anapita Kigoma, anapita Kalemie, na forodhani wanamjua kwa kicheko.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiingereza. Vita vilikuja vikapita, kiwanda kikanyamaza na sireni yake, treni ikawa ya kubahatisha. Nilizaa, nikalea, nikamzika Mwalimu Kalunga, nikachukua klabu yake na kengele yake. Maji ya ziwa yalipopanda yakalimeza darasa letu la zamani, wanafunzi waliokoa madawati, nami niliokoa kipande cha reli cha baba. Sasa kimetundikwa katika darasa jipya, mlimani. Na katika miaka yote hiyo, ziwa sijalivuka.

Vijana wa leo! Wanachanganya Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili katika pumzi moja, kama mtu aliyetupa kabati lote kitandani na kuvaa kila alichookota. Wamejifunza kutoka kwenye simu, kwa watu wanaoimba na watu wanaouza mafuta ya nywele. Kijana wa jirani yangu hawezi kuandika barua ya kuomba kazi, lakini juzi nilimsikia akibishana kwa Kiingereza na mtu wa nchi nisiyoijua, juu ya mpira. Alivunja kila kanuni niliyomfundisha, na yule mtu alimwelewa, akamjibu, wakacheka. Nilisimama nyuma ya ukuta wa matofali na ndoo yangu nikisikiliza. Mnadhani nilihuzunikia sarufi? Nilikuwa ninaona wivu, kama nilivyoona nikiwa msichana.

Jumamosi iliyopita vijana wa klabu waliniomba tujadili swali: je, kanuni za Kiingereza zifuatwe kabisa katika mazungumzo ya kila siku? Maana yao ilikuwa: Mama Mwalimu, tuondolee kengele. Nilikubali, na nikajiweka mimi kuwa msemaji wa mwisho. Bahati iliyoje, Zaina alikuwa mjini, boti yake ikipakia mawese. Alikuja akakaa nyuma na karanga katika kitambaa.

Waliotaka kengele ibaki walisema kwa sentensi fupi na kuangalia ukutani. Waliotaka iondoke walisema kwa kelele na kengele ikawakatiza wote, kwa hiyo hoja zao hazikumalizika. Zamu yangu ilipofika niliwaeleza kama ninavyoeleza siku zote, polepole. Niliwaambia kanuni zina kazi yake. Ukiandika kwamba mzigo umefika wakati bado utafika, kuna mtu atakwenda bandarini bure na lori. Daktari akikuandikia dawa kabla ya kula, hutaki iwe baada. Katika karatasi, nilisema, msikubali kosa, kwa kuwa karatasi haiwezi kugeuka ikaeleza ilichotaka kusema. Lakini mdomo una uso juu yake, na mikono pembeni, na mtu mbele anayeweza kuuliza tena. Nilikuwa ninaendelea vizuri. Wanangu walikuwa wanaitikia kwa vichwa.

"Feza!" Zaina aliita kutoka nyuma, kwa Kiingereza chake, mdomo una karanga. "Wewe sema mengi, mengi. Boti yangu yeye ondoka Alhamisi. Nafasi iko. Twende?"

Mimi, mwanamke mwenye mvi, nilihisi kichwa changu kinaanza kazi yake ya zamani: ningefurahi sana, iwapo ungekubali. Shingo yangu ikageuka ukutani. Wanafunzi wote wakaangalia ukutani. Msichana aliyeshika bolti siku ile, Riziki, mwenye sarufi safi kuliko wote, aliniangalia kwa hofu ninayoijua. Huyo atakuwa mimi, niliwaza. Ndiye atakayeirithi klabu hii, azeeke na sentensi nzima nzima kifuani.

"Mimi taka," nikasema kwa Kiingereza, mbele ya wote. "Mimi taka sana. Hata leo!"

Nilimwambia Riziki, "Piga, mwanangu. Kanuni ni kanuni." Akapiga. Kile kipande cha reli alichokileta baba begani kililia kwa ajili yangu mara ya kwanza katika maisha yangu, na darasa likapasuka kwa vicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Kumbe hivi ndivyo Zaina alivyokuwa akisikia kila Jumamosi! Wivu ulinishika upya kwa yale yote niliyokosa.

Nilingoja Zaina aseme kwamba naye aliwahi kunionea wivu mimi, Bibi Sarufi. Ingekuwa vizuri kuwaandikia hivyo. Hakusema. Alifunga karanga zake, akasimama na kujitengeneza kanga kichwani.

"Kengele imelia," akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Funga mizigo, mama. Na gauni lenye mifuko."

Enzi zetu tulikuwa na sireni, na treni iliyofika, na mwalimu mwenye tai aliyetupenda kwa kutunyamazisha. Watoto wa leo hawana treni wala sireni, na barua zao zinanitoa machozi. Lakini wana midomo. Ningebadilishana nao, kama wangekubali kuchukua na magoti yangu. Kengele sikuiondoa. Nimempa Riziki kanuni mpya nikiwa safarini: ikilia, msemaji asikae. Amalize kwanza hadithi yake. Bado sijajua yule baharia alimlipa mama Zaina mandazi yake au la, na Alhamisi, ziwani, nitapata muda wa kuuliza.